Kugeuza mkono wa mwanga kwa chembe moja: mwongozo wa mezani

Mwanga huzunguka kwa namna mbili. Kwanza, uga wake wa umeme unaweza kuzunguka palepale, kulia au kushoto, mara moja kwa kila wimbi linalopita. Hiyo ndiyo polaraizesheni duara, na upande wa kuzunguka ndio tunaouita mkono. Pili, uso wa wimbi wenyewe unaweza kujisokota kuuzunguka mhimili wa mwale kama uzi wa parafujo, na katikati pakabaki giza. Kwenye utupu, na hata ndani ya lenzi nzuri, mizunguko hii miwili haiingiliani. Ikikutana na chembe ndogo, hesabu zake huchanganyika: tufe la kawaida la silika (kioo safi), lisilo na kulia wala kushoto, hupokea mwanga wa mkono mmoja na kutoa sehemu yake ukiwa wa mkono wa pili.

Mwongozo huu ni wa kuamua sehemu hiyo iwe kubwa au ndogo kiasi gani. Wanaoanza hukimbilia kubadilisha chembe: wanaagiza ukubwa mwingine, wanaandaa sampuli upya, wanapoteza wiki. Iache chembe palepale kwenye kioo chake na ubadilishe msokoto wa mwale, kwa sababu kufanya hivyo kunahitaji tu kubadilisha picha kwenye kompyuta. Sehemu kubwa ya kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba geuko unalolipima limetoka kwenye chembe, wala si kwenye vioo na lenzi zako.

Hesabu ya kwanza: σ, ℓ na m

Weka alama tatu. Mkono wa mwanga ni σ, nao ni +1 au −1. Namba ya msokoto ni ℓ, namba kamili yoyote: 0 kwa mwale wa kawaida, 1, 2, 3 na kuendelea kwa miale parafujo, na hasi kwa msokoto wa upande mwingine. Jumla yake ni m = ℓ + σ.

Tufe lililowekwa katikati kabisa ya mwale haliwezi kubadilisha m, kwa kuwa ukilizungusha kwenye mhimili huo linabaki vilevile. Linaweza kubadilisha σ. Kwa hiyo σ ikigeuka, ℓ lazima ifidie, na mwanga uliogeuka hutoka na msokoto ℓ′ = ℓ + 2σ. Mwale wa kawaida wenye σ = +1 hutoa mwanga uliogeuka wenye msokoto 2, yaani pete yenye shimo jeusi katikati. Mwale wenye ℓ = −2 na σ = +1 hutoa mwanga uliogeuka usio na msokoto, wenye kitovu kinachong'aa. Kanuni hii ikariri. Utaitumia mara nyingi kuliko kifaa chochote cha mezani, na ndiyo itakayokuambia kama umekosea alama mahali fulani.

Hesabu ya pili: chembe inaitikia nini

Gustav Mie alichapisha mwaka 1908 suluhisho kamili la mwanga kutawanywa na tufe, na mpaka leo tunalitumia hilohilo. Mtawanyiko wote hugawanywa kuwa jumla ya vipande vyenye daraja n = 1 (dipoli), 2 (kwadrupoli), 3 na kuendelea. Kila daraja lina namba mbili, a_n ya upande wa umeme na b_n ya upande wa sumaku. Kwa kazi yetu mambo matatu yanatosha.

Mwanga uliobaki na mkono wake hufuata |a_n + b_n|², na uliogeuka hufuata |a_n − b_n|². Basi a na b zikilingana katika madaraja yote, hakuna kinachogeuka. Mwaka 1983 Milton Kerker na wenzake walionyesha kwamba tufe la namna hiyo halirudishi mwanga nyuma hata kidogo. Ni sharti lilelile, wao waliliangalia kwa upande wa nyuma. Kinyume chake ni kama chembe ndogo sana ya kawaida, ambayo ina a_1 pekee: ukijumlisha pande zote, nusu ya mwanga inaoutawanya hubaki na nusu hugeuka.

La pili: mwale wenye jumla m huamsha madaraja yenye n kuanzia |m| kwenda juu tu. Mwale wenye m = 5 hauigusi dipoli, wala kwadrupoli, wala n = 3, wala n = 4. Huo ndio usukani wetu. Kwa kupandisha ℓ unayafuta madaraja ya chini moja baada ya jingine, na uwiano wa geuko unabadilika bila chembe kuguswa.

La tatu ni mpaka wa usukani huo. Kipimo cha ukubwa ni x = πD/λ chembe ikiwa hewani, D ikiwa kipenyo na λ urefu wa wimbi; chembe ikiwa majini, zidisha kwa 1.33. Madaraja yenye n kubwa zaidi ya x karibu yote ni sifuri. Kwa hiyo ukipandisha m kupita x, mwale unaizunguka chembe bila kuigusa na kamera haioni kitu. Tufe la nm 300 chini ya leza ya nm 632.8 lina x ya karibu 1.5; hapo una m = 1, labda 2, basi. Tufe la µm 2 lina x ya 9.9 na linakupa nafasi ya kucheza hadi m ya 9 au 10. Kwa mara ya kwanza chagua silika ya µm 2. Wanaotaka kugeuza mwanga kwa chembe za nm 150 za silikoni watumie leza inayobadilika urefu wa wimbi badala ya msokoto.

Piga hesabu ya a_n na b_n kwa programu yoyote ya Mie, hata ya bure, kabla ya kununua chembe. Kwa fahirisi ya kupinda mwanga weka 1.457 kwa silika na 1.587 kwa polistirini, zote kwa nm 633. Idadi ya madaraja ya kuhesabu ni x + 4x^(1/3) + 2; kwa x = 9.9 hiyo ni 21. Ili kujua kama programu inafanya kazi, angalia kwamba Re(a_n), yaani sehemu halisi ya namba changamano a_n, ni sawa na |a_n|² kwa kila n, na vivyo hivyo kwa b_n. Chembe isiyomeza mwanga lazima itimize sharti hilo. Lisipotimia, ama fahirisi umeiandika vibaya ama daraja la mwisho limepotea kwenye makosa ya tarakimu.

Kisha chora |a_n| na |b_n| dhidi ya x. Kwa kila daraja utaona b inafika kilele kwanza, na a inafuata x ikiwa imeongezeka kidogo. Mchoro huu ndio ramani yako. Kwenye kilele cha b peke yake, geuko linakaribia nusu. Kati ya vilele viwili, b ikiwa imepita na a haijafika, geuko linaweza hata kuvuka nusu. Tuseme |a_n| = sin α na |b_n| = sin β, pembe zote mbili zikipanda kutoka 0° kuelekea 180° na kilele kikiwa 90°. Kwa α = 30° na β = 150°, robo tatu ya mwanga wa daraja hilo hugeuka. Geuko kamili halipatikani kwa tufe lisilomeza wala kuzalisha mwanga, kwa sababu Re(a) na Re(b) zote ni chanya na haziwezi kufutana. Ukiona andiko linaahidi geuko la 100% kwa tufe la silika, soma tena sharti walizoweka.

Vifaa

Leza ya heliamu na neoni, nm 632.8, mW 5 inatosha. Leza ya diodi nayo inafaa, mradi urefu wa wimbi hauhamihami. Mwale wa mW 5 unaweza kudhuru jicho: vua saa na pete zinazong'aa, na usiinamishe kichwa kufikia usawa wa mwale.

Utahitaji pia polaraiza mbili za fuwele (vichujio vinavyopitisha mwelekeo mmoja tu wa uga wa umeme), zenye uwiano wa kuzima (mwanga unaopita kwa unaovuja) wa 100,000 kwa 1. Mabamba mawili ya robo-wimbi, ambayo hugeuza polaraizesheni ya mstari kuwa ya duara na kuirudisha, na moja la nusu-wimbi, ambalo huuzungusha mstari huo, yote ya nm 633. Kiwambo cha fuwele-kimiminika kinachobadilisha fezi (mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake), chenye pikseli za µm 8 hivi. Lenzi mbili za hadubini zenye namba ya upenyo (kipimo cha upana wa koni ya mwanga) 0.8 au 0.9; jukwaa la piezo linalosogea kwa hatua za nm 20 au pungufu katika pande tatu; kamera isiyorekebisha picha yenyewe; na diodi ya mwanga ya kufuatilia nguvu ya leza. Ongeza lenzi ya silinda moja.

Usibane matumizi kwenye mabamba ya robo-wimbi. Bamba lenye kosa la λ/300 huvujisha mkono usiotakiwa kwa sehemu 1 katika 10,000 hivi. Lenye kosa la λ/100 huvujisha sehemu 1 katika 1,000. Kulielekeza vibaya kwa 1° kunaongeza sehemu 3 katika 10,000. Geuko la chembe moja ndani ya mwale mpana linaweza kuwa dogo kama uvujaji huo.

Sampuli

1. Osha vioo vyembamba vya hadubini, vya mm 0.17, kwa sabuni ya maabara, kisha maji yaliyokenekwa, kisha isopropanoli. Kausha kwa naitrojeni, si kwa karatasi.

2. Tikisa chupa ya chembe, kisha iweke kwenye bafu la mawimbi-sauti kwa dakika 5. Chembe zilizogandana wawili wawili haziwi tufe tena, na kila kanuni ya hapo juu inavunjika.

3. Zimua. Mchanganyiko wa silika ya µm 2 wenye uzito wa 1% una chembe zipatazo bilioni 1.2 kwa mililita. Tone la µL 10 lililotandaa kwenye sentimita moja ya mraba linapaswa kubeba chembe 40,000 hivi, ili kila moja iwe µm 50 mbali na jirani yake. Hiyo ni kuzimua mara 300. Zimulia kwenye ethanoli: tone linatandaa vizuri na kukauka haraka kuliko la maji, ambalo husukuma chembe zote hadi ukingoni na kuacha duara.

4. Angalia kwa hadubini ya kawaida. Chagua chembe iliyo peke yake, isiyo na jirani ndani ya µm 20, na uandike ilipo kwa kuchora alama upande wa pili wa kioo.

Ukubwa ulioandikwa kwenye chupa ni wastani. Mtawanyiko wa 3% kwenye chembe za µm 2 ni nm 60, na x inasogea 0.3, kiasi cha kutosha kukuhamisha kwenye ramani. Kwa sababu hiyo chembe moja ipimwe kwa misokoto yote; usichukue ℓ = 0 kwenye chembe hii na ℓ = 3 kwenye ile.

Kutengeneza mwale parafujo

Panua mwale ujaze kiwambo. Kiwambo hufanya kazi kwa mwelekeo mmoja tu wa polaraizesheni, kwa hiyo zungusha bamba la nusu-wimbi mbele yake mpaka mwanga usiobadilishwa uwe mdogo kabisa.

Picha ya kuweka ni fezi = ℓφ + 2πX/d, iliyopunguzwa iwe kati ya 0 na 2π, φ ikiwa pembe kuzunguka kitovu na X umbali wa mlalo. Kipande cha pili ni ngazi za mistari zinazoutupa mwale pembeni. Kwa d ya pikseli 10, yaani µm 80, mwale unapinda kwa milirediani 7.9, lenzi ya mm 300 inauweka mm 2.4 mbali na mwanga usioguswa, na tundu dogo linaupitisha peke yake. Ukiondoa mistari hiyo, mwanga usioguswa utakaa juu ya mwale wako na kujaza lile giza la katikati.

Hakikisha ℓ kwa lenzi ya silinda: pete inakatika kuwa mistari ya kung'aa iliyolala kwa mshazari, na idadi ya mistari ya giza katikati yake ni |ℓ|. Ukigeuza alama ya ℓ, mshazari unalala upande wa pili.

Nguvu ya pete iko juu kabisa kwenye nusu-kipenyo w√(|ℓ|/2), w ikiwa nusu-upana wa mwale. Lenzi ya hadubini ya mara 100 yenye namba ya upenyo 0.9 ina mlango wa nyuma wa mm 3.6. Kwa ℓ = 8 na w = mm 0.6, pete ina nusu-kipenyo cha mm 1.2 na ukingo wake unafika mm 1.8, yaani mlango umejaa barabara. Ukizidisha hapo lenzi inakata pete, na pete iliyokatwa upande mmoja zaidi haina tena m moja. Kuna mtego mwingine: ukishikilia w ileile huku ukipandisha ℓ, koni ya mwanga inayoingia kwenye chembe inapanuka pia, na utakuwa umebadilisha vitu viwili kwa pamoja. Ama punguza w kwenye hologramu (ile picha ya fezi iliyo kwenye kiwambo) kadiri ℓ inavyopanda, ama iingize koni halisi kwenye hesabu za nadharia. Njia ya pili ni ndefu lakini ndiyo tunayoiamini.

Kuweka mkono

1. Baada ya kiwambo na kioo cha kuakisi cha mwisho kabisa, weka polaraiza ya kwanza. Kioo cha kuakisi cha tabaka kilichowekwa kwa 45° huharibu polaraizesheni duara, kwa hiyo mwanga wa duara usikutane na kioo chochote cha kuakisi kabla ya chembe.

2. Bila lenzi za hadubini, weka polaraiza ya pili mbele ya kamera na uizungushe mpaka giza kamili. Ifunge hapo. Haitaguswa tena mpaka mwisho.

3. Ingiza bamba la kwanza la robo-wimbi kati yao, lizungushe mpaka giza lirudi, kisha ongeza 45° kamili.

4. Ingiza bamba la pili. Likiwa na mhimili uliosimama wima kwa ule wa bamba la kwanza, giza linarudi: njia hii huzuia mkono wa asili na kupitisha uliogeuka. Likizungushwa 90°, hupitisha mkono wa asili na kuzuia uliogeuka.

Wengine huzungusha polaraiza ya mwisho badala ya bamba. Matokeo kwenye karatasi ni yaleyale, lakini kamera na vioo vilivyo nyuma yake huitikia tofauti kwa mielekeo tofauti, na tofauti hiyo inaonekana kama geuko.

5. Ingiza lenzi za hadubini na kioo chembamba, mahali pasipo na chembe. Pima uvujaji.

Hatua ya 5 huwashangaza watu. Kioo tupu kinageuza mwanga! Miale inayoingia kwa mshazari mkali hupita kwenye uso wa kioo kwa viwango viwili tofauti kulingana na mwelekeo wa uga, na tofauti hiyo ni mkono uliogeuka. Kwenye ukingo wa koni ya 0.9, kupita nyuso zote mbili za kioo kunageuza karibu 1.5% ya nguvu ya miale hiyo. Kwenye kitovu cha koni hakuna geuko. Wastani wa mwale wote ni mdogo zaidi ya hapo, ila haupuuziki. Mwanga huo nao hutoka na msokoto ℓ + 2σ, kwa kuwa kioo bapa kina ulinganifu uleule wa kuzunguka, kwa hiyo umbo peke yake halitakuambia umetoka wapi. Lazima upigwe picha na uhifadhiwe kwa kila ℓ. 

Kuweka chembe katikati

Hapa ndipo muda wote huenda. Anza na ℓ = 0. Tazama njia ya mkono uliogeuka. Chembe ikiwa pembeni utaona madoa mawili meusi yaliyotengana badala ya shimo moja. Msokoto wa 2 ni dhaifu; ukiusumbua kidogo unapasuka kuwa misokoto miwili ya 1. Sogeza jukwaa kwa hatua za nm 20 mpaka madoa yakaribiane na kuungana, na pete iliyoyazunguka iwe na mwangaza sawa pande zote. Hakuna kipimo cha bei yoyote kinachokuambia kitovu vizuri kuliko madoa hayo mawili.

Kisha rekebisha kina. Kwenye njia ya mkono wa asili picha hubadilika sana na kina, lakini kwenye njia iliyogeuka tafuta nguvu ya juu kabisa, halafu rudia kuweka katikati, kwa sababu jukwaa likipanda huwa linasogea pembeni kidogo.

Madoa yakikataa kuungana hata ukifika nm 10, tatizo si mahali. Chembe si tufe, au mwale unaingia kwenye lenzi kwa mshazari. Jaribu chembe nyingine. Tatizo likihamia nayo, ni mwale.

Sasa tambua alama bila kubishana kuhusu kulia na kushoto. Kila kioo kinachorudisha mwanga hugeuza alama ya ℓ, na vitabu havikubaliani kuhusu σ ipi iitwe ya kulia. Weka ℓ = 2 na utazame njia iliyogeuka. Kitovu kikiwa kinang'aa, ℓ na σ zako zina alama tofauti na m = ±1. Kitovu kikiwa shimo pana jeusi, alama zinafanana na m = ±3. Andika hivyo kwenye daftari, usihangaike zaidi.

Kupima

Leza iwe imewaka nusu saa. Kwa kila ℓ, piga picha nne: chembe kwenye njia iliyogeuka, chembe kwenye njia ya asili, na zote mbili tena mahali tupu µm 20 kando. Ongeza picha ya giza, leza ikiwa imefunikwa. Usibadilishe kiwango cha kamera cha kukuza ishara (gain). Badilisha muda wa kufungua na ugawanye baadaye. Njia iliyogeuka inaweza kuhitaji muda mrefu mara mia, na pikseli zisijae hata moja. Kila picha igawanywe kwa usomaji wa diodi ya kufuatilia.

Njia ya mkono wa asili ina mwanga uliotawanywa pamoja na mwale uliopita bila kuguswa, nao unaingiliana, kwa hiyo usiuchukulie kuwa ni mtawanyiko wa chembe. Kiasi safi ni nguvu ya mkono uliogeuka, baada ya kufuta uvujaji, kugawanywa kwa nguvu iliyoingia. Hicho ndicho cha kulinganisha na jumla ya |a_n − b_n|², kila daraja likipewa uzito kulingana na koni yako ya mwanga. Anayetaka uwiano kamili wa geuko kwa uliobaki achukue pembe zilizo nje ya koni ya kuingia tu: apunguze koni hiyo hadi 0.5 na akusanye kwa lenzi ya 0.9.

Tena, hesabu ya Mie inadhani tufe linaelea. Kioo chini yake kinasogeza namba: kidogo kwa silika, na zaidi kwa chembe zenye fahirisi kubwa. Kanuni ya m haiguswi na hilo.

Kabla ya kuamini mchoro wowote fanya jaribio la kioo cha kujitazama. Badilisha ℓ na σ zote mbili ziwe kinyume: (2, +1) iwe (−2, −1). Tufe halina mkono, kwa hiyo majibu lazima yalingane. Yakipishana kwa 10%, basi hicho ndicho kiwango cha kosa la meza yako, hata takwimu za kamera ziseme nini. Lakini ukibadilisha σ peke yake, kutoka (2, +1) kwenda (2, −1), tofauti inatarajiwa: m inatoka 3 kwenda 1 na madaraja mengine yanaamka. Tofauti hiyo imewahi kudhaniwa kuwa ushahidi wa chembe yenye kairali, yaani yenye mkono wake yenyewe. Siyo. Mkono uko kwenye mwale, si kwenye chembe.

Kuendesha usukani

Ukiwa na haya yote, kazi yenyewe ni fupi. Anza na m = 1 na upande hatua moja moja kwa σ ileile, ukifuata ramani ya a_n na b_n. Kwa tufe la µm 2, m za chini huamsha madaraja mengi kwa pamoja, na kwa kuwa fahirisi ya silika si kubwa, a na b zake zinakaribiana. Geuko ni dogo kwa uwiano. Kadiri m inavyokaribia x, madaraja machache yanabaki, na linalotawala ni lile la mwanzo, n = m. Hapo ndipo kilele cha b au pengo kati ya b na a linajitokeza na uwiano wa geuko unapanda, huku nguvu yote ya mtawanyiko ikishuka. Utachagua kati ya uwiano mkubwa na mwanga wa kutosha. Kwa mW 1 kwenye chembe, sisi huacha kupandisha pale picha iliyogeuka inapolingana na uvujaji wa kioo tupu.

Ukitaka kilele kikali zaidi, hapo sasa badilisha chembe: polistirini kwanza, kisha kitu chenye fahirisi ya 2 na zaidi. Vilele vinakuwa vyembamba, na mtawanyiko wa 3% wa ukubwa unakuwa adui wa kweli. Dawa yake ni kupima D ya chembe yenyewe kwa hadubini ya elektroni baada ya kazi, si kabla, maana mwale wa elektroni huacha uchafu juu ya chembe.

Yanayoharibika mara nyingi

Njia iliyogeuka inaonyesha doa linalong'aa katikati wakati ℓ = 0: bamba la robo-wimbi halijakaa 45°, au kuna kioo cha kuakisi kati yake na chembe. Chembe haiwezi kutoa doa hilo ikiwa katikati.

Pete ina upande mmoja mkali na mwingine hafifu: mwale hauingii katikati ya mlango wa lenzi. Sogeza hologramu kwenye kiwambo kwa pikseli mojamoja kabla ya kugusa skrubu za vioo.

Nguvu inapanda na kushuka kwa dakika kadhaa bila wewe kufanya kitu: kioo cha sampuli kinasogea kwa joto. Acha meza itulie, funika kwa sanduku, na uangalie tena madoa mawili kabla ya kila ℓ mpya.

Kwa m kubwa picha haina chochote ila uvujaji: umepita x. Rudi nyuma hatua mbili.